Mtihani wa mitandao umebadilisha toleo: mwongozo kamili wa kujiandaa bila kuanza upya

Kila mtihani wa mitandao ya kompyuta unapobadilisha toleo, watu hufeli kwa njia mbili zilezile. Wa kwanza anaendelea kusoma mafaili aliyorushiwa na rafiki miaka miwili iliyopita, anaingia chumba cha mtihani kifua mbele, halafu anaulizwa Terraform, chombo cha kuendesha miundombinu kwa otomatiki, na hajawahi hata kulisikia jina lenyewe. Wa pili anasikia "toleo jipya" na kushikwa na hofu. Anaweka daftari lake pembeni, anarudi ukurasa wa kwanza, na miezi minne baadaye bado yuko kwenye tabaka saba za OSI, somo la mwanzo kabisa, huku vocha yake ya kulipia mtihani imeisha muda.

Nimewafundisha wote wawili. Na mwaka 2016 mimi mwenyewe nilikuwa yule wa kwanza. Nilisoma CCNA, cheti cha mitandao cha kampuni ya Cisco, kwa nakala za fotokopi kutoka kituo kimoja cha mafunzo, zimeandikwa kwa ajili ya mtihani wa 200-120. Nikakaa na Frame Relay, teknolojia ya zamani ya kuunganisha mitandao ya mbali, wiki tatu nzima. Nilipokwenda kufanya mtihani, uliokuwepo ni 200-125, ambao Frame Relay ilikwishaondolewa na BGP, itifaki ya kuelekeza data kati ya mitandao mikubwa, imeingia. Nilifeli. Kilichoniuma zaidi ni kwamba orodha ya mada ilikuwa kwenye tovuti muda wote, bure, na sikuwahi kuifungua.

Mwongozo huu ni wa anayejiandaa na CCNA ya Cisco au Network+, cheti kama hicho cha CompTIA. Mifano nimeitoa kwenye mabadiliko ya mwaka 2024, kwa sababu mwaka huo mitihani yote miwili ilibadilika, tena kila mmoja kwa staili yake. Ukisoma haya wakati toleo jingine limeshatoka, badilisha namba tu, hatua hazibadiliki.

## Andaa hivi kwanza

- Orodha ya mada ya toleo la zamani na ya toleo jipya, zote mbili kwa PDF, kutoka tovuti ya mtoa mtihani mwenyewe. Picha ya skrini iliyozunguka kwenye kundi la WhatsApp usiihesabu. Ya zamani ipakue mapema, maana toleo likishazikwa faili lake huwa gumu kupatikana.
- Lahajedwali, iwe Excel, Google Sheets au daftari la mistari lenye safu nne ulizochora kwa rula.
- Kalenda unayoiona kila siku. Ya ukutani inashinda ya simu.
- Packet Tracer, programu ya Cisco ya kuigiza mitandao. Ni bure ukifungua akaunti ya Networking Academy, na haihitaji kompyuta ya kutisha.
- Kitambulisho halali chenye picha na sahihi, na jina lililoandikwa vilevile utakavyojisajili. Pasipoti ndiyo isiyoleta maswali.
- Njia ya kulipa kwa dola. Ada ya CCNA ni dola 300 kabla ya kodi. Kadi za mtandaoni za huduma za pesa za simu hufanya kazi, ila nyingi zina kikomo cha muamala. Jaribu kwanza kununua kitu kidogo, usisubiri usiku wa kuamkia siku ya kulipia.
- Daftari la makosa. Kazi yake utaiona hatua ya 6.

## Hatua ya 1: Jua unafanya toleo gani, kwa namba

Hapa ndipo wengi wanapigwa chenga, kwa sababu watoa mitihani hawaziandiki namba zao kwa mtindo mmoja.

CompTIA hubadilisha namba ya mtihani wenyewe. Network+ ilikuwa N10-008, ikawa N10-009. Ukiona 008 kwenye jalada la kitabu unajua mara moja kwamba ni cha zamani.

Cisco si lazima wafanye hivyo. Mtihani wa CCNA ulioanza Februari 2020 unaitwa 200-301. Tarehe 20 Agosti 2024 ulibadilika, lakini ukabaki 200-301. Kilichobadilika ni toleo, kutoka 1.0 kwenda 1.1, na hilo limeandikwa kwa herufi ndogo juu ya orodha ya mada. Nimepokea malalamiko mengi ya watu walionunua kozi ya "200-301" wakiamini ndiyo hiyohiyo. Namba ilikuwa sahihi, toleo halikuwa.

Namba ya mbele ya nukta ikibadilika, tegemea mabadiliko makubwa. Ikibadilika ya nyuma ya nukta tu, tegemea marekebisho: mada chache kuingia, chache kutoka.

Andika juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari: jina la mtihani, namba, toleo, tarehe ya mwisho ya toleo la zamani, tarehe ya kuanza toleo jipya. Ukiweza kuyajaza yote matano bila kuuliza mtu, songa mbele.

## Hatua ya 2: Amua unafanya la zamani au jipya

Fanya uamuzi huu siku moja, uumalize. Anayesoma matoleo mawili kwa pamoja "ili ajue baadaye" hamalizi lolote.

Anza na jinsi toleo la zamani linavyoondoka. CompTIA hukupa kipindi cha matoleo mawili kwenda sambamba: N10-009 ilianza tarehe 20 Juni 2024, na N10-008 ikaendelea hadi 20 Desemba mwaka huohuo. Miezi sita ya kuchagua. Cisco walikata kwa kisu: 19 Agosti 2024 ilikuwa siku ya mwisho ya toleo 1.0, kesho yake ikaanza 1.1. Ukifeli tarehe 19, unarudia mtihani mwingine.

Kwa hiyo usipange mtihani siku ya mwisho. Hesabu kurudi nyuma ukiacha nafasi ya kurudia. Cisco wanataka usubiri siku 5 baada ya kufeli, na hesabu inaanza siku inayofuata. Tuseme toleo linaisha tarehe 19 na umejaribu mara ya kwanza tarehe 5. Ukifeli, siku za kusubiri ni tarehe 6 hadi 10, na tarehe 11 unaruhusiwa kurudi. Hapo una siku tisa za kutafuta kiti. Kwenye miji yenye kituo kimoja au viwili vya mtihani, siku tisa si nyingi. CompTIA hawakuwekei kusubiri kati ya jaribio la kwanza na la pili, ila kabla ya la tatu kuna siku 14.

Kanuni yangu ni hii. Kama umeshamaliza theluthi mbili ya mada za toleo la zamani, na kwenye majaribio unapata asilimia 80 na zaidi, fanya la zamani na weka tarehe leo. Vinginevyo nenda jipya bila kuangalia nyuma.

Watu hunibishia: "Si cheti cha toleo la zamani kitakuwa na thamani ndogo?" Hapana. Cheti kinaitwa CCNA au Network+, na kinadumu miaka 3 tangu siku ya kufaulu, toleo lolote liwalo.

Onyo: kama njia yako inahitaji mitihani miwili ili upate cheti kimoja, kuwa mwangalifu mara mbili. Hadi Februari 2020 uliweza kuipata CCNA kwa kufanya ICND1 kisha ICND2. Ilipofika tarehe 24 mwezi huo, aliyekuwa na ya kwanza tu hakuwa tena na ya pili ya kwenda kuifanya. Ilibidi akae 200-301 nzima.

## Hatua ya 3: Tengeneza jedwali la tofauti

Hii ndiyo hatua inayookoa miezi, na ndiyo inayorukwa kuliko zote. Itakuchukua jioni moja. Zima simu.

Chora safu nne: namba ya mada, toleo la zamani linasemaje, toleo jipya linasemaje, hali. Kwenye hali andika neno moja kati ya haya manne: *imebaki*, *mpya*, *imetoka*, *imegeuka*. Pitia mstari kwa mstari, hata ile unayodhani unaijua.

Ukifanya hivi kwa CCNA 1.0 na 1.1, utakuta mistari mingi imebaki, na michache kama hii:

- 1.12. La zamani lilitaja mashine pepe. Jipya limeongeza kontena na VRF (majedwali ya ruta yaliyotenganishwa ndani ya kifaa kimoja). *Imegeuka.*
- 2.5. Kwenye STP, itifaki inayozuia data kuzunguka bila mwisho kati ya swichi, wameongeza kinga za porti: root guard, loop guard, BPDU filter na BPDU guard. *Mpya.*
- 2.8. Kwenye njia za kuingia kusimamia kifaa, usimamizi kupitia wingu umeongezwa. *Imegeuka.*
- 6.4. Kulinganisha usimamizi wa zamani na DNA Center, programu ya Cisco ya kusimamia mtandao, kumeondoka. Akili mnemba na ujifunzaji wa mashine katika uendeshaji wa mtandao vimeingia. *Imetoka*, na *mpya*, kwenye mstari mmoja.
- 6.6. Kwenye vyombo vya kusanidi kwa otomatiki, Puppet na Chef zimeondoka. Ansible imebaki, Terraform imeingia. *Imegeuka.*
- 6.7. Kutafsiri data ya JSON, muundo wa maandishi wa kubeba data, kumepunguzwa kuwa kutambua sehemu zake. *Imegeuka.*

Kuna mingine midogo. Lakini weka orodha hii mbele ya mtu aliyetaka kuanza upya, na umkumbushe kwamba mada zote ni zaidi ya 50. OSPF iko palepale. VLAN ziko palepale. Subneti, NAT, ACL, hakuna aliyezigusa.

### Soma kitenzi, usisome nomino tu

Kila mada huanza na kitenzi, na kitenzi ndicho kinachokuambia uchimbe hadi wapi. "Describe" inataka ueleze. "Configure and verify" inataka mikono yako: usanidi, kisha uthibitishe kwa amri za show. Mada inaweza kubaki na jina lake lakini kitenzi kikabadilika, na hapo swali linakuja kwa sura nyingine. Mfano ni 5.10, ya kuweka WLAN (mtandao usio na waya) yenye WPA2 PSK (ulinzi wa nenosiri la pamoja) kwa kutumia kurasa za picha, yaani GUI. Toleo 1.0 lilisema usanidi. Toleo 1.1 linasema usanidi na uthibitishe. Neno moja limeongezeka, nawe sasa lazima ujue ni ukurasa upi wa kidhibiti cha WLAN unaoonyesha kwamba mteja ameunganishwa.

Kwa Network+ tafuta maneno "given a scenario". Yakiwepo, tegemea kupewa kisa na kuambiwa utatue. Kukariri maana hakutakusaidia hapo.

### Soma pia uzito

Upande wa CCNA uzito haukuguswa mwaka 2024: misingi 20%, kuingia mtandaoni 20%, IP na uelekezaji 25%, huduma za IP 10%, usalama 15%, otomatiki 10%.

Upande wa Network+ uzito uliguswa, na mtu anayesoma majina ya sura tu hakuuona. Usalama ulishuka kutoka 19% hadi 14%. Uendeshaji ulipanda kutoka 16% hadi 19%. Utatuzi wa matatizo ulipanda kutoka 22% hadi 24%, ukawa ndio sehemu nzito kuliko zote. Majina yale ya kung'aa yaliyoingia, kama VXLAN, SASE na usanifu wa kutomwamini yeyote, yamefungwa ndani ya lengo moja la sehemu ya kwanza. Nimeona watu wakikesha na SASE wiki mbili huku hawawezi kueleza kwa nini kompyuta imepata anwani ya 169.254, ile inayojipa yenyewe ikikosa ya mtandao.

Utajua umemaliza ukiweza kujibu kwa kidole, bila kufikiri: mistari mingapi ni mipya, mingapi imegeuka, mingapi imetoka. Mipya na iliyogeuka ndiyo kazi yako ya ziada. Iliyotoka ipige mstari kwa kalamu nyekundu, halafu uiheshimu hiyo nyekundu.

## Hatua ya 4: Chuja vitabu na video ulizo nazo

Usizitupe. Chukua kitabu au kozi uliyonayo, fungua yaliyomo, na kando ya kila sura andika namba ya mada kutoka kwenye jedwali lako. Sura isiyopata namba, iruke. Mada isiyopata sura ndiyo unayoitafutia chanzo kipya, na mara nyingi utakuta ni tano au sita tu. Kununua kozi nzima ya dola nyingi kwa ajili ya mada sita ni hasara. Nyaraka za Cisco wenyewe, za Ansible na za Terraform ni bure.

Tahadhari na video zenye kichwa cha habari kipya na mwili wa zamani. Njia yangu ya kuzinasa: naruka moja kwa moja hadi sehemu ya otomatiki. Mwalimu akiwa bado anafundisha Puppet na Chef kama mada za CCNA, najua ni jalada tu lililopakwa rangi.

Kwa mada za "eleza" na "tambua", lenga kiasi kinachotosha. Ansible, kwa mfano: haihitaji programu ya wakala kwenye kifaa, hupitia SSH, maelekezo yake huandikwa kwa YAML. Terraform: unaandika hali unayoitaka, yenyewe inatunza kumbukumbu ya hali iliyopo na kufanya mabadiliko yanayohitajika. Akili mnemba ya kubashiri huchambua mwenendo wa mtandao na kuonya kabla tatizo halijatokea. Ile zalishi hutunga kitu kipya, kama rasimu ya usanidi. Ukiweza kumweleza haya mwenzako mnapopata chai, inatosha.

## Hatua ya 5: Pima msingi kabla ya kugusa mada mpya

Nasisitiza mpangilio huu kwa sababu mada mpya zina mvuto wake. Lakini ukiangalia uzito, aliyeanguka CCNA mara nyingi ameangushwa na subneti (kugawa mtandao vipande) na jedwali la ruta. Akili mnemba ina kesi ndogo sana hapo.

Jipime na swali hili, bila kikokotoo: kompyuta ina anwani 10.20.30.77/27. Iko mtandao upi, anwani ya matangazo (broadcast) ni ipi, na anwani zipi zinagawiwa?

Unapaswa kwenda hivi. /27 inaacha biti 5 za kompyuta, kwa hiyo kila kipande ni 32. Vipande vinaanzia 0, 32, 64, 96. 77 iko kati ya 64 na 96. Mtandao ni 10.20.30.64, matangazo ni 10.20.30.95, na zinazogawiwa ni kuanzia .65 hadi .94, jumla 30.

Ikikuchukua zaidi ya sekunde 40, hujawa tayari kwa toleo lolote. Fanya maswali 10 ya aina hii kila asubuhi kwa wiki mbili, kwa kalamu. Mwanafunzi wangu mmoja, kondakta wa daladala, alikuwa akiyafanya nyuma ya tiketi akisubiri abiria wajae. Aliwashinda wenye kompyuta mpakato darasani.

## Hatua ya 6: Zifanyie maabara mada mpya za mikono

Kila mstari ulioandika *mpya* na unaohusu kifaa, utengenezee maabara yake. Nitakuonyesha moja, BPDU guard, kwa sababu kila mtu anaikariri na wachache wamewahi kuiona ikiuma.

Kwenye Packet Tracer weka swichi moja ya 2960 na kompyuta moja kwenye porti ya FastEthernet 0/5. Ingia kwenye porti hiyo uandike:

```
interface fa0/5
 switchport mode access
 spanning-tree portfast
 spanning-tree bpduguard enable
```

Kompyuta itafanya kazi kawaida. Sasa jifanye mfanyakazi mkorofi: chomoa kompyuta, chomeka swichi ya pili kwenye porti hiyohiyo. Subiri kidogo. Swichi ya pili itatuma BPDU, yaani ujumbe wa STP, na porti itafungwa. Kwenye skrini utaona ujumbe wenye neno BLOCK_BPDUGUARD. Andika `show interfaces fa0/5` na utakuta imeandikwa err-disabled, yaani imezimwa kwa hitilafu.

Hapa ndipo somo lilipo. Chomoa swichi, rudisha kompyuta. Porti bado imekufa. Wengi hudhani itaamka yenyewe. Ingia kwenye porti, andika `shutdown`, kisha `no shutdown`. Taa inarudi kijani.

Kwa nini kuhangaika hivi: mtihani hautakuuliza "BPDU guard ni nini". Utakupa hali ya porti na kukuuliza kwa nini fundi amebadilisha waya lakini mtumiaji bado hana mtandao. Ukishaiona porti ikigoma kuamka mbele ya macho yako, hilo swali unalijibu huku unatabasamu.

Onyo: Packet Tracer haina kila amri ya kifaa halisi. Amri ikikataliwa, usidhani umekosea. Angalia kwenye nyaraka kwanza, halafu iandike kwenye daftari kama ya kusoma tu.

Daftari la makosa linaingia hapa. Kila kilichokukwama, andika mistari mitatu: nilitegemea nini, nikaona nini, sababu ilikuwa nini. Usiandike majibu matupu. Wiki ya mwisho utasoma daftari hili peke yake.

## Hatua ya 7: Majaribio halali, na yale ya wizi

Fanya majaribio ya muda kamili. CCNA ni dakika 120. Network+ ni dakika 90 na maswali yasiyozidi 90, na unafaulu kwa 720 kwenye mizani ya 100 hadi 900. Cisco hawatangazi alama ya kufaulu, kwa hiyo usikubali mtu akuambie "ni 825 tu". Lenga 85% na zaidi kwenye majaribio mawili mfululizo ambayo hujawahi kuyaona.

Kuhusu maswali ya wizi yanayouzwa kwenye Telegram, nitasema wazi. Kabla ya mtihani unakubali masharti ya usiri, na ukibainika, cheti kinaweza kufutwa na ukazuiwa kufanya mitihani. Hilo kila mtu anajua na bado wananunua. Basi sikia hoja ya biashara: toleo likibadilika, anayeuza hana maswali mapya, lakini jina la faili analibadilisha dakika hiyohiyo. Unalipia mtihani uliokufa.

## Hatua ya 8: Weka nafasi

Mitihani yote miwili hufanyika kupitia Pearson VUE, kampuni ya kuendesha mitihani. Unapochagua, soma tena namba na toleo, hasa kipindi cha CompTIA ambapo yote mawili yanaonekana kwenye orodha moja. Kama una vocha, angalia tarehe yake ya mwisho kabla ya kuchagua siku. Ya CompTIA hudumu miezi 12 tangu kununuliwa.

Kufanyia nyumbani au kituoni? Kituoni, kama kiko umbali unaofikika. Mtihani wa nyumbani unataka chumba chenye wewe peke yako, meza tupu, kamera muda wote, na hakuna sauti ya mtu mwingine. Sasa fikiria nyumba yako Jumamosi: mtoto anagonga mlango, jirani anafungulia redio, umeme unakatika dakika ya 70. Nauli ya kwenda kituoni ni bima nafuu.

Ukihitaji kubadilisha tarehe ya kituoni, fanya hivyo angalau saa 24 kabla. Baada ya hapo ada inapotea.

## Hatua ya 9: Ndani ya chumba

Fika mapema, kitambulisho mkononi. Utapewa ubao mdogo na kalamu. Dakika ya kwanza andika ngazi yako ya subneti: 128, 64, 32, 16, 8, 4, 2, 1. Itakutumikia hadi mwisho.

Kwenye CCNA, ukishabonyeza kwenda mbele hurudi nyuma. Jibu, achana nalo. Usikwame kwenye swali moja dakika sita. Chagua lililo karibu zaidi na ukweli uende. Kwenye maswali ya mikono hifadhi usanidi kama umeambiwa kuhifadhi, kwa sababu kuna watu wamepoteza alama kwa kusahau amri moja.

Kwenye Network+ unaweza kuweka alama na kurudi. Maswali ya vitendo mara nyingi huja mwanzoni na hula muda. Yaruke, maliza ya kuchagua, kisha yarudie ukiwa umetulia.

## Ukifeli

Karatasi ya matokeo usiikunje. Cisco wanakuonyesha asilimia kwa kila sehemu. CompTIA wanataja malengo uliyokosea. Fungua jedwali la hatua ya 3, ongeza safu ya tano, na uyaweke matokeo hayo kando ya kila mada jioni hiyohiyo, kabla kumbukumbu haijapoa. Andika mada zilizokusumbua tu. Maswali yenyewe masharti uliyokubali hayaruhusu kuyatoa nje.

Halafu angalia tarehe. Kama toleo ulilofanya bado liko hai, siku tano za kusubiri zinatosha kuziba sehemu mbili dhaifu kabisa: siku mbili kwa kila moja, ya tano kwa daftari la makosa. Kama toleo limekwisha, rudi hatua ya 3 na jedwali jipya. Mistari ya *imebaki* tayari unayo kichwani, kwa hiyo safari hii anza moja kwa moja na yale yaliyogeuka.